Kipusa Si Nafasi Uwanjani

Aghalabu msomaji wa kurasa za michezo za Kiswahili nchini Kenya hahitaji kusoma sana ili ajue kama taarifa iliyo mbele yake inahusu wanaume au wanawake. Neno la kwanza la kichwa humtosha. Kichwa kikianza kwa jina la klabu, au kwa lakabu yake, au kwa jina la mkufunzi, hao ni wanaume. Kikianza kwa "vipusa", "mabanati" au "warembo", hao ni wanawake, na haijalishi kama wametoka sare ya kuchosha, wameshushwa daraja au wametawazwa mabingwa wa nchi. Desturi hii imezoeleka kiasi kwamba wengi hawaisikii tena, kama vile jirani wa kinu cha kusagia mahindi asivyosikia mngurumo wake.

Yapo mengi ya kulalamikiwa katika Ligi Kuu ya Wanawake ya Kenya: viwanja, nauli, marupurupu, ratiba. Karibu yote yamo mikononi mwa watu ambao jarida la wanafunzi wa Kiswahili haliwezi kuwafikia. Hili la maneno, hata hivyo, limo mikononi mwa wasomaji wa jarida hili hasa. Wengi wa wanaoandika na kuhariri kurasa hizo walipitia madarasa ya Kiswahili, na walio darasani leo ndio watakaokalia viti vyao. Kwa hivyo inafaa kuuliza, bila hamaki, neno kipusa linafanya kazi gani katika taarifa ya mpira, na linachukua nafasi ya nini.

Kipusa lina maana mbili zinazofahamika. Moja ni pembe ya kifaru, bidhaa iliyosafirishwa kwa majahazi kutoka pwani ya Afrika Mashariki kwa karne nyingi. Nyingine ni msichana mrembo. Iwe maana hizo ni za ukoo mmoja au zimekutana njiani tu, zinashabihiana kwa jambo moja: zote hutaja kitu cha thamani kinachotamaniwa na mtu mwingine. Hakuna katika maana hizo mbili anayetenda. Banati nalo lina asili ya Kiarabu, ambako banat ni wingi wa bint. Kiswahili kikalipokea kama umoja, kisha kikalivika ma-, likawa wingi juu ya wingi. Hilo si kosa, ndivyo lugha zinavyokopa. Lakini makao ya maneno haya yanajulikana. Ni katika mashairi ya mahaba na katika nyimbo za taarabu, na huko yanafanya kazi yake barabara, maadamu anayeimbwa anatazamwa na mwenye kuimba anataka kutazama. Ukurasa wa michezo una kazi nyingine. Msomaji wake anataka kujua nani alifanya nini, dakika ya ngapi, na matokeo yakawaje.

Wapo wanaodhani kwamba ubaya wote umo katika kiambishi ki-, kwa kuwa ndicho kinachotumiwa katika hali ya udogo. Dai hilo halina mashiko. Kiongozi na kijana wana kiambishi hicho hicho na hakuna aliyedunishwa. Hata kiungo, yule wa katikati ya uwanja anayeiendesha timu nzima, anacho. Fauka ya hayo, katika upatanisho wa kisarufi kipusa huchukua a- na wa- kama viumbe wengine wenye uhai: kipusa amefunga, vipusa wamefunga. Sarufi haijamkosea mtu. Kilichokosewa ni uteuzi wa msamiati, na uteuzi ni wa mwandishi.

Linaloshangaza ni kwamba Kiswahili ni miongoni mwa lugha zilizojaliwa wepesi katika suala hili. Ngeli zake hazigawanyiki kwa jinsia, wala viwakilishi vyake havimtengi mwanamume na mwanamke. Kipa, beki, winga, mshambulizi, nahodha, mkufunzi, refa: hakuna hata neno moja kati ya hayo linalouliza aliyelibeba ni mume au mke. Mwandishi wa Kifaransa hawezi kumtaja mchezaji bila sarufi yake kumlazimisha aonyeshe jinsia. Mwandishi wa Kiswahili hana mzigo huo. Akitaka kuingiza jinsia katika kila sentensi, inambidi ajitaabishe kulitafuta neno la kuiingizia. Na ndivyo afanyavyo: anaiacha njia iliyonyooka aliyotengenezewa na lugha yake, anaingia kichakani na panga.

Kwamba njia hiyo inapitika kulionekana mara mbili katika miaka ya karibuni. Januari 2022 Salima Mukansanga wa Rwanda alichezesha mechi ya Zimbabwe na Guinea katika Kombe la Mataifa ya Afrika la wanaume kule Kamerun, akawa mwanamke wa kwanza kuwa refa wa kati katika fainali hizo. Neno refa lilimkaa bila kushonwa upya. Mwaka 2024 Jackline Juma alikabidhiwa FC Talanta, klabu ya wanaume ya Ligi Kuu ya Kenya, na neno kocha likamtosha vilevile. Inaelekea kwamba mwanamke akiingia katika mchezo wa wanaume hupewa jina la kazi yake, na akicheza na wanawake wenzake hurudishiwa jina la sura yake.

Vitenzi, kwa upande wao, havina ubaguzi. Vipusa wa kurasa za michezo hunyuka, hucharaza, hulaza na hudengua wapinzani wao kwa ukali ule ule wanaopewa wanaume. Ndipo inapozaliwa ile sentensi ya ajabu ambayo kiima chake kimetoka harusini na kiarifu chake kimetoka vitani. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza akiileta sentensi ya namna hiyo katika insha, mhadhiri ataizungushia wino mwekundu na kuandika pembeni "mitindo miwili".

Njia nyepesi ya kulipima neno la michezo ni kulipeleka redioni. Kizazi cha kina Leonard Mambo Mbotela, aliyefariki Februari 2025, kiliwazoesha Wakenya kuuona mpira kwa masikio. Mtangazaji wa redio hana picha. Ana majina, ana pande za uwanja, ana vitenzi, na kwa hivyo vitatu anamjengea msikilizaji uwanja mzima sebuleni. Hebu na ajaribu kutangaza mechi ya ligi ya wanawake kwa msamiati wa magazetini: kipusa anampa kipusa, kipusa anamhadaa kipusa, kipusa anaachilia mkwaju, kipusa anaupangua! Msikilizaji hatajua mpira uko kwa nani. Bao likiingia hatajua ashangilie au anune. Neno ambalo haliwezi kutumika pale ambapo mchezo unategemea neno pekee lina kasoro, na kasoro hiyo haiponi kwa kuchapishwa gazetini. Hufunikwa tu na picha iliyo juu ya taarifa.

Katika mechi moja hasara hiyo inaweza kuvumilika. Fainali ya kombe husimuliwa kwa mbwembwe na bado ikaeleweka. Msimu wa ligi hausimuliki hivyo. Msimu ni hesabu ndefu: mechi za nyumbani na za ugenini, alama tatu za ushindi na moja ya sare, tofauti ya mabao, kadi za njano zinazolimbikizana hadi beki tegemeo anakosa mechi ya kuamua taji, jeraha la mwezi mmoja linalojitokeza kwenye jedwali miezi miwili baadaye. Mwenye kuufuatilia msimu anahitaji mtu yule yule aitwe kwa jina lile lile wiki baada ya wiki. Jina likibadilishwa na sifa, uzi unakatika, na kila Jumatatu msomaji anaanza upya na kundi la wasichana wazuri wasiotofautiana.

Chukua utawala wa Vihiga Queens. Kati ya 2017 na 2019 timu hiyo ilitwaa ubingwa wa Kenya mara tatu mfululizo. Klabu kutoka kaunti ndogo ya magharibi, iliyozoea kuwakaribisha wageni wake katika uwanja wa Mumboha mjini Luanda, iliwaacha nyuma wapinzani wa Nairobi na viunga vyake, wakiwemo Thika Queens, ambao nao walikwishaonja taji hilo. Utawala kama huo haudondoki kutoka mawinguni. Je, siri ilikuwa ulinzi? Ilikuwa jozi fulani ya washambulizi waliofahamiana tangu mashindano ya shule za upili? Ilikuwa mkufunzi, mazoezi, au uchovu wa timu zilizofika Luanda baada ya kusafiri usiku? Hayo ni maswali ya kawaida kabisa kuhusu bingwa wa mara tatu. Gor Mahia wakitwaa taji, huulizwa na kujibiwa mpaka yanachosha. Atakayeziendea kurasa za Kiswahili akitafuta majibu ya Vihiga ataambiwa mara nyingi mno kwamba walikuwa vipusa.

Kuna pia hadithi zilizopotea ambazo mwandishi yeyote angezitamani. Mwaka 2021 Vihiga Queens walishinda mashindano ya kanda ya CECAFA jijini Nairobi kwa kuwafunga CBE wa Ethiopia 2-1 katika fainali. Wakaenda Misri Novemba mwaka huo kushiriki makala ya kwanza kabisa ya Ligi ya Mabingwa wa Afrika kwa Wanawake, ambayo Mamelodi Sundowns wa Afrika Kusini waliibuka washindi. Miaka mitatu baadaye, Kenya Police Bullets waliokuwa mabingwa wa ligi ya 2023/24 walifika fainali ya kanda hiyo hiyo mjini Addis Ababa, na waliowasubiri huko walikuwa CBE hao hao, safari hii nyumbani kwao. CBE walishinda. Deni la Nairobi lilikuwa limelipwa. Fani ya usimulizi haiombi zaidi ya hapo: kisasi, miaka mitatu, mji wa adui. Lakini kisasi huhitaji wahusika wenye majina, na wahusika hao hawana budi kuwa wametajwa tangu sura ya kwanza.

Kwa mchezaji mwenyewe, hasara ni ya mkate. Esse Akida amewahi kucheza Israel, Uturuki na Ugiriki. Jentrix Shikangwa alitamba Vihiga Queens, na baadaye akavuka mpaka akaichezea Simba Queens ya Dar es Salaam. Njia ya kutoka katika ligi isiyo na mishahara ya kutegemewa ni hiyo. Klabu inayomsaka mshambulizi huuliza amefunga mabao mangapi, amecheza dakika ngapi, anaimudu nafasi ipi, anatumia mguu upi. Taarifa iliyomwita kipusa haijibu hata swali moja kati ya hayo. Mwanaume wa kiwango chake hutembea na rundo la vipande vya magazeti vyenye jina lake, dakika ya bao lake na hata namna alivyolifunga. Mwanamke hutembea na picha.

Jina likitajwa, hukaa. Novemba 2016 Kenya ilicheza kwa mara ya kwanza fainali za Kombe la Afrika la Wanawake, nchini Kamerun. Ilifungwa na Ghana 3-1, ikapoteza na mechi nyingine mbili za kundi lake. Lakini bao la kwanza la Kenya katika historia ya fainali hizo lilifungwa siku ile ya Ghana, na aliyelifunga ni Akida. Sentensi hiyo ni fupi, haina pambo, na itaendelea kuwa na manufaa kwa mtafiti wa mwaka 2060.

Msimu unapovurugika, udhaifu wa msamiati huu hudhihirika zaidi. Oktoba 2021 Harambee Starlets waliifunga Sudan Kusini mabao 15-1 kwa jumla ya mechi mbili, wakawa wamebakisha Uganda tu kabla ya Kombe la Afrika la 2022. Kisha mzozo wa usimamizi wa kandanda nchini ukapamba moto. Mapema mwaka 2022 Starlets waliondolewa kwenye mechi hizo, Uganda wakapita bila jasho, na Februari hiyo hiyo FIFA ikaifungia Kenya hadi Novemba. Kundi zima la wanasoka lilipokonywa fainali lilizozitolea jasho, bila mpira kupigwa. Hilo ni suala la haki na la kazi. Lakini mwandishi aliyekwisha kuwazoesha wasomaji wake vipusa, siku hiyo angeliandika nini? Vipusa wanyimwa haki? Neno la urembo haliwezi kubeba malalamiko. Linayageuza kuwa deko.

Na kuna mahali ambapo jambo hili halipaswi hata kujadiliwa. Oktoba 2024 Junior Starlets, timu ya taifa ya wasichana wa chini ya umri wa miaka 17, ilicheza Kombe la Dunia katika Jamhuri ya Dominika. Ilikuwa timu ya kwanza ya kandanda ya Kenya, ya wanaume au ya wanawake, kufika katika Kombe la Dunia la FIFA la umri wowote. Chini ya mkufunzi Mildred Cheche ilifungwa na Uingereza na Korea Kaskazini, kisha ikaishinda Meksiko 2-1. Hawa ni watoto. Wengi wao wangali shuleni. Mwandishi anayeliteremsha neno la mahaba hadi kwa watoto wa shule, hata akiwa na nia njema ya kusifu, amefanya jambo ambalo asingelivumilia kama lingefanywa na mwalimu wa binti yake.

Watetezi wa mtindo huu wana hoja zao, na si haki kuzipuuza. Husema kwanza kwamba ni sifa, na kwamba wachezaji wenyewe hawajalalamika. Sifa ni kitu kizuri, ila sifa ya mshambulizi ni kufunga. Husema pili kwamba kichwa cha habari kinataka neno fupi. Hoja hii ina uzito kwa yeyote aliyewahi kupanga ukurasa, lakini Vihiga na Thika ni maneno mafupi pia, na yana faida ya kumwambia msomaji ni timu gani imecheza. Hoja ya tatu ndiyo nzito: kwamba wanaume pia hupewa lakabu, na ukurasa wa michezo usio na lakabu ni chakula kisicho na chumvi. Ni kweli. AFC Leopards huitwa Ingwe, Gor Mahia huitwa K'Ogalo, Sofapaka ni Batoto ba Mungu, Arsenal ni Wanabunduki. Lakini kila moja ya lakabu hizo ni ya timu moja. Imechipuka katika jina lake, nembo yake au historia yake, na hakuna timu nyingine inayoweza kuivaa. Vipusa ni lakabu ya timu zote za wanawake duniani kwa pamoja, kuanzia Luanda hadi London. Lakabu isiyobagua ni nomino ya jumla tu, na nomino ya jumla ya wachezaji wa mpira ipo tayari: wanasoka.

Kwa mantiki hiyo hiyo, malkia linastahili kutetewa. Mwandishi anayewaita Vihiga Queens au Thika Queens malkia analicheza jina walilojichagulia wenyewe, kama vile Ingwe linavyocheza na chui wa Leopards. Ni tafsiri yenye adabu, nayo ina mamlaka ndani yake. Timu ya taifa ya voliboli ya wanawake imelibeba neno hilo miaka mingi bila kuonekana dhaifu. Klabu zenyewe, hata hivyo, haziwezi kuepushwa na lawama zote. Nchini Kenya ni Queens na Starlets, nchini Tanzania ni Simba Queens na Yanga Princess, na hata jina la timu ya taifa lina chembe ya udogo: wanaume ni nyota, wanawake ni vinyota. Lakini jina rasmi ni mali ya mwenye klabu. Mwandishi analikuta. Kipusa analileta mwenyewe kutoka nyumbani.

Idara za Kiswahili zina uwezo wa kufanya zaidi ya kulaumu. Kila mwaka wanafunzi wa shahada ya kwanza huhangaika kutafuta mada za miradi yao, na wengi huishia kuchambua riwaya ambayo imekwisha kuchambuliwa na wenzao kumi. Msimu mmoja wa Ligi Kuu ya Wanawake, taarifa zake zote zilizochapishwa kwa Kiswahili, ni mada ya isimujamii iliyo tayari: ni mara ngapi mchezaji ametajwa kwa jina kamili, ni mara ngapi nafasi yake imetajwa, dakika ya bao imeandikwa katika taarifa ngapi, na takwimu hizo zinalingana vipi na za ligi ya wanaume ya msimu huo huo. Hesabu hiyo haihitaji ufadhili. Wanafunzi watatu na daftari wanaweza kuimaliza kwa muhula mmoja, na matokeo yake yakafikishwa katika vyumba vya habari na watu ambao mhariri atawasikiliza, kwa kuwa huenda walifundishwa na mhadhiri aliyemfundisha yeye.

Wale ambao tayari wanaandikia magazeti kwa malipo ya taarifa moja moja hawahitaji kusubiri mradi. Mechi nyingi za ligi hii huchezwa mchana kwenye viwanja kama Camp Toyoyo mtaani Jericho, ambako mwandishi anaweza kusimama hatua chache kutoka kwenye benchi la timu. Orodha ya wachezaji na nambari za jezi zao iko kwa maafisa wa mechi kabla ya kipenga cha kwanza, na meneja wa timu atamsomea atakaye kuinakili, huku akishangaa kidogo kwamba kuna aliyekuja kuiulizia.